Injini ya Kwenda Nayo Ukweni

Jumanne, 4 Februari 2025
Jumamosi tunaenda Gakindu, kwao Phyllis, kubisha hodi na wazee. Shida ni babake. Mzee Hezekiah aliendesha lori la kiwanda cha kahawa mpaka akastaafu, na kwake hakuna kijana anayepewa chai kabla boneti haijafunguliwa. Aliyemtaka Wachuka, dadake Phyllis, alirudishwa langoni kwa sababu ya injini chafu. Ati asiyepangusa injini hatapangusa mtoto pua! Nimefungua yangu leo. Uchafu mweusi, mzito kama ugali ulioungua. Nikimkosa Phyllis nitakufa, kweli. Jirani yangu Gatimu amechungulia juu ya ua, akacheka, akajitolea kuniazima gari lake. Lake linang'aa. Nikamwambia akae nalo.

Jumatano, 5 Februari
Phyllis amepiga simu. Ati ningoje injini ipoe kabisa, nitoe waya wa betri, nifunge alteneta na boksi la fyuzi kwa nailoni, nipake dawa ya grisi, nisugue na brashi, nisuuze kwa maji kidogo yasiyo na nguvu. Nikasema sawa. Lakini ipoe? Nani huosha sufuria ya nyama mafuta yakishaganda? Nikaendesha mpaka Karatina na kurudi, ikachemka vizuri, nikamwaga dawa. Puu! Moto! Gatimu ndiye aliyekuja mbio na karai la mchanga. Injini imepona. Nyusi yangu ya kushoto haikupona. Na sasa kuna grisi na mchanga.

Alhamisi, 6 Februari
Leo nimetii. Karibu yote. Injini baridi, waya wa betri nje, boksi limefungwa, alteneta imevaa kofia ya mama ya kuogea. Lakini brashi ni kazi ya kuvunja mgongo! Gatimu ako na pampu ya kunyunyizia kahawa dawa. Maji yake hutoka kama umande, vile vile alivyosema Phyllis. Akanipa, akasema niisuuze pampu kwanza. Huyo naye kwa maneno! Nikanyunyiza dawa, halafu maji, kila kona. Jioni injini ilikuwa imelowa na inapendeza. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 7 Februari
Imekauka. Ni ya buluu! Buluu kama mikahawa ya Mukurweini ikishapigwa kopa, ile dawa ya ukungu! Kumbe hiyo kopa ilikuwa imebaki ndani ya pampu. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mswaki wangu. Mswaki pia sasa ni wa buluu. Gatimu ameuliza kama sikumsikia. Nilimsikia, lakini yeye hupenda kujifanya mwalimu. Ametaka kuniazima gari lake tena. Ng'o! Nimepanga: nitasema ni rangi ya Japani, ya kuzuia joto.

Jumamosi, 8 Februari
Mzee hakungoja hata salamu ziishe. Boneti juu. Wazee wakainama. Nikaanza habari ya Japani. Mzee akagusa, akanusa kidole, akaniuliza nilipima vijiko vingapi vya kopa kwa pampu. Nikasema sijui, ilikuwa ndani tayari. Wazee walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mzee hakucheka. Akauliza nyusi yangu imeenda wapi. Hapo Phyllis akatoka jikoni, akamweleza yote, hata moto. Akasema mimi ni mjinga, lakini nimeungua nikiosha injini kwa ajili ya babake, na yeye hangoji mwingine. Nilijua nimefukuzwa. Mzee akafunga boneti polepole, akasema wengine hupeleka gari likaoshwe kwa pesa, huyu angalau amejichafua mikono. Chai iletwe. Lakini siku ya kuleta mbuzi, anataka kuona chuma, si kopa. Nililia mbele ya wazee. Sijali!

Jumapili, 9 Februari
Phyllis amepiga tena. Ipoe, betri, nailoni, brashi. Ati nikienda taratibu kopa itatoka. Nikasema sawa. Lakini nimewaza vizuri kanisani, wakati wa mahubiri. Mzee anataka kuona chuma. Chuma ni rangi gani? Silva! Niko na kopo zima la silva, lilibaki tukipaka geti. Gatimu amekataa na pampu, ati ni ya kahawa. Sawa tu. Yeye bado yuko kanisani na pampu iko nje ya stoo. Nimeshawasha injini ipate moto kwanza, rangi ikauke haraka.