Barafu Yangu na Barafu ya Gharib

Jumatatu, 10 Januari 1955

Joto. Hata kuta zinatoka jasho. Baada ya alasiri nimekwenda barazani Darajani, nikakuta mahali pangu pamekaliwa. Pangu mimi, Msabah! Pembe ya kivuli, jirani na dele la kahawa, ndipo nnapokaa tangu Jaku muuza kahawa hajaota ndevu. Akaaye pale ndiye anayepewa kikombe cha kwanza, na ndiye anayeombwa hadithi. Mji mzima unajua.

Leo kakaa Gharib. Tumesoma chuo kimoja, alif na be zilimtoa machozi. Miaka yote hii alikuwa Moshi, mpishi wa daktari wa Kizungu. Karudi na kofia ya sufu. Jua lote hili, kaivaa.

Anasimulia ati kila Januari, wakati wa joto kama huu, bwana wake hupanda Kilimanjaro na wenziwe, wakajifunga mbao ndefu miguuni, wakateremka juu ya barafu kwa mbio za gari. Ati na yeye alifungwa mbao. Ati katoka juu mpaka penye hema, hakuanguka. Watu midomo wazi. Jaku kasahau kumimina.

Nikasema barafu mimi naijua, nakunywa nayo sharbati. Wakacheka. Sikuwa nimesema la kuchekesha.

Kikombe changu kilikuwa cha mwisho, kina machicha.

Jumanne, 11 Januari

Nimelala na shauri, nimeamka nalo. Nimewaambia baraza nzima kuwa mlima huo nshaupanda, wakati wa vita vya mwanzo, nikichukua mizigo ya askari. Sikuusema kwa vile mimi si mtu wa kujisifu.

Nilitaraji Gharib abishe. Hakubisha. Kafurahi, kanishika mkono, kaniuliza kwa mapenzi kama na mimi baridi ilinianza masikioni au vidoleni. Nikasema haikunianza popote. Akauliza nilivaa nini miguuni. Nikasema makubadhi.

Nahodha muuza samaki kapaliwa na kahawa ikamtoka puani. Gharib akawaambia wasicheke, huenda zamani barafu haikuwa baridi sana.

Kanitetea mbele za watu. Mtu mbaya sana yule.

Alhamisi, 13 Januari

Nimejua dawa. Maneno hayatoshi. Ntateleza wao wakiona.

Mbao nimezipata nyumbani, ubavu wa kulia na wa kushoto wa kitanda chetu. Mti mzuri, mrefu, mwembamba. Bi Shemsa, mke wangu, alikuwa maulidini kwa jirani yetu Mwanakheir, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza. Kisha nimezipaka deheni. Hapa ndipo nlipomshinda yule daktari kwa akili. Mashua hupakwa deheni chini, shahamu na chokaa, ili iteleze majini. Na barafu ni maji yaliyolala. Basi! Kumenuka mtaa mzima, lakini mbao zinateleza hata mkononi hazishikiki.

Bi Shemsa karudi, kachoka, kakaa kitandani. Kitanda kikaenda chini naye. Hakupiga kelele. Kaniangalia kutoka pale sakafuni, akasema:

"Tulale chini, Mzee Msabah, kwa sababu Gharib ana kofia?"

Nikamwambia mambo haya ni mazito kuliko kofia.

Jumamosi, 15 Januari

Nimetangaza barazani. Kesho alasiri, Mtoni, kwenye mteremko karibu na magofu. Mjini hapafai, kote bapa kama sinia. Ntateremka juu ya barafu. Nisipoanguka, pembe ya kivuli yangu mpaka nife.

Gharib kasema pembe ni yangu hata leo, alikaa pale kwa kutojua, akainuka anipishe. Nikakataa kukaa. Sitaki kupewa. Nataka kumnyang'anya.

Barafu nimeipata kwa Kurban, anayewauzia wavuvi. Nimempa beberu wangu, kanipa shehena ya gari la ng'ombe. Akanishauri niifukie kwa unga wa mbao na niifunike magunia. Nikamcheka. Blanketi linatia joto au linatia baridi? Barafu niivishe nguo ili ipate homa? Ntaiacha wazi ipigwe na upepo. Kurban kaangalia ndevu zangu, kisha kamwangalia beberu, akasema sawa.

Jumapili, 16 Januari

Naandika nimelala kifudifudi.

Gari lilitoka mjini asubuhi. Ng'ombe wa Kurban hana haraka na mtu. Kabla hatujavuka daraja, maji yanachuruzika. Njia ya Bububu wanawake wakatufuata na ndoo, wakakinga. Nilikataza, hawakunisikia. Nilikuwa nnasukuma gari huku jua liko utosini, na kila nikiangalia nyuma barafu imekonda. Tulipofika Mtoni, lile jabali lilikuwa limebaki ukubwa wa mto wa kulalia.

Na watu wameshajaa. Darajani nzima ilikuwa imekuja.

Nilijiweka tayari kwa kicheko. Hakikutokea. Gharib kasogea, kaigusa barafu yangu kwa kiganja, akasema taratibu:

"Na kule ndivyo inavyokwisha, ndugu yangu."

Akawaeleza. Mwaka wa kwanza hema lao lilikuwa ukingoni mwa barafu. Safari ya mwisho walitoka hemani alfajiri wakatembea juu ya mawe matupu mpaka jua limepanda, ndipo wakaifikia. Watu wote wanamsikiliza. Siku yangu! Barafu yangu! Beberu wangu!

Sikungoja zaidi. Nikaiponda, nikaitandaza kwenye mteremko, na palipopunguka nikamwaga deheni yote iliyobaki. Nikajifunga mbao kwa kamba za usumba. Bismillahi.

Niliteremka. Hilo halikanushiki. Nilikwenda kwa mbio ambazo Gharib hajaziona. Ila ubao wa kulia ulitaka Bububu na wa kushoto ulitaka mjini, nami nikabaki katikati nnachanika. Sikuanguka pale. Nilianguka mbele zaidi, ndani ya majamvi aliyoanikia karafuu zake Bi Mashavu, mkaazi wa pale, nikayapitia yote mpaka la mwisho, deheni na maji vikinifuata.

Bi Mashavu kaja kanisimamia. Nikatarajia kuulizwa hali.

"Mzee," akasema, "hizi zilikuwa zimeshakauka."

Karafuu moja bado imo sikioni.

Jumanne, 18 Januari

Mgongo hautaki kunyooka. Lakini nyumba imejaa! Wamekuja kunitazama Jaku, Nahodha, Kurban, hata Bi Mashavu. Nimelazwa mkekani katikati, kila mtu ananiangalia mimi. Nikaanza kuwasimulia namna upepo ulivyonivumia masikioni. Walikuwa wanasikiliza, wallahi.

Akaingia Gharib na halua.

Hata kipande cha kwanza sijakimeza, wote wameshanipa migongo. Ugonjwa wangu, nyumba yangu, mkeka wangu, na wao wanamuuliza habari za barafu yake. Gharib kasema siku itafika wajukuu wataambiwa mlima ule ulikuwa na kilemba cheupe, waseme wazee waongo. Jaku akajifuta macho. Nahodha akampa pole, pole ya msiba kabisa, kama kafiwa na mama.

Nikagumia. Hakuna aliyegeuka. Nikagumia kwa nguvu zaidi. Bi Shemsa akaniambia ninyamaze, hamsikii Gharib.

Jumamosi, 22 Januari

Ushindi!

Gharib kaondoka. Daktari kamwita, ati anataka wapande tena haraka kabla barafu haijarudi nyuma zaidi. Meli imetoka leo. Nlipopata habari nikachukua mkongojo, nikajikokota mpaka Darajani. Pembe ya kivuli tupu! Nikakaa. Nikanyoosha mguu mmoja, nikanyoosha na wa pili. Hakuna wa kuniondoa.

Hakukuwa na mtu mwingine pia. Nilidhani wamelala. Kivuli kikahama, nikahama nacho. Dele halipo, Jaku hayupo. Paka mmoja tu, naye akaenda zake.

Karibu na magharibi Jaku katokea, macho mekundu. Kasema baraza nzima ilikuwa bandarini kumsindikiza Gharib. Kurban kafunga duka. Bi Mashavu kamletea karafuu za zawadi. Bi Shemsa wangu naye alikuwako.

Nikamuuliza nani alilia.

"Wote, Mzee," akasema. "Hata mahamali."

Akanimiminia kikombe cha kwanza, nikanywa. Sikusikia ladha yoyote. Nilikuwa nnafikiri. Mimi nimeishi mji huu maisha yangu yote na sijawahi kuliliwa na hamali hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu sijawahi kuondoka! Kosa ni hilo tu.

Basi kesho natangaza safari. Ya wapi, bado sijaamua. Lakini bandari ile itafurika machozi.