Hotuba ya Mgeni Rasmi Kabla ya Kaa Kutiwa Chunguni

Ndugu Mshereheshaji, uliyenitambulisha vizuri ingawa umeruka vyeo vyangu viwili. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu lakini aliteuliwa kwa sifa zake. Ndugu Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Mapambo, Kamati Ndogo ya Viti na Kamati Ndogo ya Kuzisimamia Kamati Ndogo. Viongozi wa soko la samaki. Wachuuzi, wavuvi, wapishi. Akina mama mlioketi juani na akina baba mliowahi kivuli. Ndugu mwandishi wa habari, naona mwenzako hakuja. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya meza kuu.)

Mimi, nikiwa Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Viumbe wa Majini Wenye Magamba na Wanaotembea Upande, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata wakubwa zangu wamewahi kuusifia kwa maandishi, ili nitekeleze majukumu mawili: kwanza, kuufungua rasmi Msimu wa Kaa, ambao nafahamishwa kwamba ulianza wenyewe tangu mwezi uliopita bila kibali, jambo ambalo ofisi yangu italifuatilia, na pili, kuzindua Jiko la Kisasa la Kaa, ambalo liko hapa hapa nyuma yangu, nyuma ya pazia hili la buluu, na ambalo kila mmoja wenu ataliona kwa macho yake muda mfupi tu baada ya mimi kuondoka. (Minong'ono.)

Naona kushoto kwangu matenga ya kaa walio hai, wanono, wa hapa hapa petu, wamefungwa magando kwa kamba, na naona masufuria ya maji yanatokota. Naielewa hamu yenu. Hata mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni ila chai ya rangi, nimelitunza tumbo hili kwa ajili ya shughuli hii. Lakini utaratibu uko wazi: hakuna kaa atakayeingia sufuriani kabla mgeni rasmi hajatamka kwamba msimu umefunguliwa, na mgeni rasmi hutamka hivyo mwishoni mwa hotuba. (Mama Mwiko, mpishi mkuu wa soko, anapaza sauti kutoka kwenye masufuria: "Mheshimiwa, kaa hupikwa akiwa hai! Akifia kwenye tenga ni wa kutupa, na hawa wameshaanza kulegea!") Asante mama yangu, hoja yako nimeipokea. Walegee kwa utaratibu. (Kicheko. Mama Mwiko anajifunga kibwebwe.)

Ndugu wananchi, safari ya mradi huu haikuwa lelemama. Tulianza na fizibiliti stadi, iliyofanyika katika hoteli yenye ukumbi mzuri sana, na ikabainika kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wanapenda kaa. Hao wanne waliozidi ni wadau wa maendeleo. Tukafuata na semina elekezi kuhusu namna ya kulivunja gando, kisha warsha ya kuirudia semina, kwa kuwa wajumbe walikuja na uma. Mimi mwenyewe niliongoza ziara ya mafunzo katika nchi isiyo na bahari wala ziwa, ambako tulijifunza kwa kina changamoto za kutokuwa na kaa. (Mama Mwiko anawatia kaa wa kwanza sufuriani. Mvuke unapanda. Safu za nyuma zinageuza viti.) Naona mvuke, na ninauchukulia kama joto la mapokezi yenu.

Sasa, tukija kwenye kipengele cha pili, kifungu kidogo cha... ile harufu inatoka wapi? (Sauti: "Endelea tu, Mheshimiwa!") Ngoja niweke karatasi pembeni kidogo.

Jamani, kaa wa msimu huu amejaa. Ukimshika ni mzito, ukimbonyeza tumboni habonyei. Bibi yangu mzaa mama hakuwa akimwekea makorokoro. Maji, chumvi ya kutosha, mfuniko, basi. Gamba likishakuwa jekundu anaepua, maana ukimzidishia moto nyama inakuwa nyuzi tupu. Alikuwa akinivunjia gando kwa mchi, ule mnofu mweupe unatoka mzima, ananipa mimi, halafu yeye ananyonya miguu, ananiambia mnofu haupendi. Nilimwamini mpaka nikaota ndevu. Nilimpenda sana yule mwanamke, na sijawahi kula kaa nisimkumbuke. (Mtu mmoja: "Pole, Mheshimiwa.") Nishapoa. Wapo wanaomchoma juu ya mkaa, wakampaka ndimu na pilipili, sina ugomvi nao. Wapo wanaomkaanga kwa vitunguu saumu na tangawizi, wakaacha rojo zito la nyanya, ukachovya mkate mpaka sufuria ikang'aa, hao ni ndugu zangu wa damu. Lakini anayemla kwa kisu na uma huku anajifuta mdomo kila tonge, huyo ofisi yangu inamchunguza.

(Vishindo vya magamba yakipasuliwa kwa mawe, kutoka nyuma ya mkutano mpaka katikati. Mgeni rasmi anainua mkono kushukuru.) Asanteni! Asanteni kwa makofi mazito! Katika utumishi wangu wote sijawahi kupigiwa makofi ya namna hii, na ninaona wengine mnatokwa hata na machozi. (Ni pilipili. Viti vitatu vya meza kuu viko wazi. Shemeji anarudi akipangusa kidevu.)

Nirudi kwenye karatasi. Jiko hili la kisasa lina meko kumi na mawili, bomba la maji katika kila kona, friji ambayo mtu anaweza kuingia akatembea, na paa, ndugu zangu, paa, ili Mama Mwiko na wenzake waache kuungua jua kama nguo zilizoanikwa. (Mama Mwiko: "Mwaka jana pia ulisema paa!") Mwaka jana lilikuwa paa la kawaida, mama. Hili ni paa shirikishi. (Tenga la mwisho linageuzwa chini juu. Halina kitu.)

Nikihitimisha, naomba tuitikie kwa nguvu. Kaa wetu! (Umati, midomo imejaa: "Mm!") Jiko letu! ("Mm-mm!") Mbele kwa mbele! (Vishindo vya magamba.)

Kwa namna ya pekee nawashukuru waliofanikisha mradi huu. Namshukuru fundi cherehani aliyeshona pazia, kwa sababu tukiambizana ukweli ndilo lililoubeba mradi wote. Namshukuru mchoraji wa ramani kwa picha nzuri, ambayo nimeitundika ofisini na wageni wanaisifia. Namshukuru mwenye kiwanja kwa kukataa kutuuzia, maana angekubali tungelazimika kujenga. Namshukuru hata huyo mbuzi aliye huko nyuma, kwa kutulia muda wote. (Upepo unainua pazia. Majani, na mbuzi. Hakuna anayeshangaa.) Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba Msimu wa Kaa umefunguliwa rasmi! Mama Mwiko, niletee kaa wangu, nina njaa ya tangu asubuhi.

(Mama Mwiko anapanda jukwaani na sahani kubwa iliyofunikwa kitambaa cha buluu. Anapiga goti kwa adabu zote.)

Asante sana mama yangu. Lakini... mbona nyepesi?

(Mama Mwiko: "Usifunue sasa, Mheshimiwa. Kaa wako yupo hapo hapo, nyuma ya kitambaa. Utamwona kwa macho yako muda mfupi tu baada ya sisi kuondoka.")

(Makofi. Safari hii ni ya mikono.)