Fundi wa Jini

Kizibo alikuwa na chupa mbili, na riziki yake yote ilikuwa humo. Ya kwanza aliiita chupa ya kunusia: jini halisi, ya bei ya kutisha, aliyotoka nayo hotelini siku alipofukuzwa kazi ya kuosha bilauri. Ya pili ilikuwa chupa ya kumiminia, na hiyo tusiizungumze sana, maana hata yeye mwenyewe alikuwa hathubutu.

Kazi yake mpya ilikuwa kwenda majumbani kufundisha watu kuchanganya vinywaji vya jini. Anafika na shati jeupe na mkoba wa ngozi, anafungua chupa ya kunusia, anaipitisha chini ya pua moja moja kwa upole wa daktari. Wakishafumba macho na kuguna kwa raha, chupa inarudi mkobani na mkono unatoka na ile nyingine. Aliyekunja uso aliambiwa kwamba ulimi wake haujazoea vitu vizuri, na wengi waliomba radhi.

Tatizo ni kwamba kila darasa lilikuwa na mtu wa kubembeleza, "Fundi, nidondoshee tone tu." Tone kwa tone, chupa ya kunusia ikabaki vidole viwili. Hivyo vikiisha, ualimu umeisha, na Kizibo anarudi kwenye sinki la watu. Alikuwa amekaa kitandani akiitazama chupa kama mtu anayemuuguza ndugu yake, simu ikaita.

"Wewe ndiye fundi wa jini?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona tangazo lako. Njoo unisaidie, hapa kwangu lipo."

"Ipo ya kutosha, au nije nayo?"

"Nimesema lipo. Kwenye kabati la marehemu mume wangu. Mchana linagonga."

Hapo Kizibo akang'amua. Jini ya kunywa ipo. Jini la kutisha lipo. Mama wa watu alikuwa amesoma "Fundi wa jini, nafika nyumbani," akaelewa alivyoelewa. Mtu mwaminifu angesema samahani, mama, mimi si huyo unayemtafuta. Kizibo naye alikuwa mwaminifu, ila siku hiyo hakuwa na kazi.

"Linagonga kwa nguvu?" akauliza.

Mama huyo jengo zima lilimwita Shangazi. Sebule yake ilikuwa safi hadi ukaona aibu kukaa, na kwenye pembe lilisimama kabati la vioo. Kizibo akalisogelea. Zilijipanga humo chupa za jini ileile ya kunusia, kreti nzima, zina vumbi mabegani na lakiri, nta nyekundu ya kuzibia, kwenye vifuniko. Papo hapo bomba la maji nyuma ya ukuta likagonga.

"Umesikia?" Shangazi akamshika mkono.

Kizibo aliishi na mabomba ya namna hiyo tangu utotoni. "Nimesikia," akasema kwa huzuni. "Limo ndani ya chupa, Shangazi. Limejaa hadi shingoni."

"Masikini mimi. Na malipo yako?"

"Sitaki chochote. Nitabeba hizi chupa nikazitupe mbali. Kwangu mimi huu ni wito."

Alilitamka hilo neno "wito" vizuri mno, hata yeye likamgusa.

"Mungu akubariki. Lakini litoke mbele ya ndugu," Shangazi akasema. "Wifi yangu ana mdomo. Atasema nimeuza mali ya kaka yake. Njoo Jumamosi mchana, uje na vifaa vyako vyote."

Sasa Kizibo alikuwa hajui kutoa jini wala kuingiza. Alichojua ni kuchanganya. Basi akanunua limau, barafu, soda, maji ya toniki na kila kilichotakiwa, mfuko ukabaki mtupu, akajifariji kwamba ndani ya kreti ile kuna maisha yake yote yaliyobaki.

Jumamosi aliikuta sebule imejaa wanawake waliopendeza kupita kiasi kwa shughuli ya kutoa jini. Mezani palikuwa na keki.

"Na keki?" akauliza.

"Kwani majini hawapendi vitamu?" Shangazi akashangaa.

"Wanapenda sana," akajibu haraka. Ndivyo mjanja wetu alivyoiona keki yenye mishumaa, akaimeza sababu aliyopewa.

Akaanza kwa kunusisha, kama kawaida, kisha mkono ukabadilisha chupa. "Kwanza tunalipoza," akatangaza. Bilauri zikajazwa barafu hadi juu, jini, toniki, kipande cha tango. Wakanywa. "Pili tunalichachua." Jini, limau na sukari ndani ya kopo la kutikisia, akalitikisa begani hadi bati likaganda ukungu na kumchoma viganja, akachuja, akamalizia na soda. Wakanywa. "Tatu tunalitia uchungu." Hilo hakulitikisa, alilikoroga taratibu na mvinyo mwekundu wa mitishamba, akaminya ganda la chungwa juu yake mpaka harufu ikaruka.

Wifi alikuwa wa kwanza kurudisha bilauri. "Fundi, limetoka?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi ongeza. Hakuna la tangawizi?"

Kizibo akabuni palepale: tangawizi ya kusaga, chai baridi, asali kidogo. Hata yeye alijishangaa, maana ilikuwa tamu. Wifi akaonja, akainusa tena.

"Chai yako nzuri. Lakini hii jini inanuka kama ya kufutia vioo. Ile uliyotunusisha iko wapi?"

"Ulimi wako bado haujazoea vitu vizuri, mama."

Wifi hakuomba radhi. Alimtazama Shangazi, wakacheka wote wawili. Kizibo akacheka nao, kwa adabu.

Barafu ilipopungua na nyimbo zilipoanza, aliona wakati umefika. "Sasa nalibeba. Kila mtu afumbe macho."

"Na wewe fundi, fumba kwanza, tukuombee," Shangazi akasema. "Lisije likakurukia njiani."

Akafumba. Wakamwombea kwa kirefu na kwa hisia. Alipofumbua, hata mkoba wake ulikuwa umeshafungwa zipu vizuri. Watu wastaarabu, akawaza, na akabeba kreti ngazi zote akitweta kwa furaha.

Chumbani kwake alifanya mambo kwa heshima. Alisugua bilauri, akabandua lakiri, akakoroga jini na barafu aliyoomba kwa jirani, bila papara, akaminya ganda la limau. Akanywa funda moja.

Maji.

Akafungua nyingine. Maji. Akainua ile lakiri nyekundu, akainusa: mshumaa wa keki. Marehemu na mkewe walikuwa wamelitoa jini lao zamani, bilauri kwa bilauri, na chupa zikajazwa maji ili kabati lipendeze. Kizibo akaukimbilia mkoba. Mahali pa chupa ya kunusia palikuwa na kipande cha keki, kimefungwa kwenye karatasi kwa upendo, na juu yake yamebaki maandishi ya sukari ya pongezi za kuzaliwa: "Wifi."

Alikaa kitandani. Kisha, kwa kuwa barafu ilikuwa inayeyuka na limau alishalikata, akayanywa yale maji yote. Yalikuwa yamechanganywa kitaalamu.

Akapiga simu, matusi yamejipanga mdomoni. Upande wa pili palikuwa na vicheko, na barafu ikilia ndani ya bati kwa mwendo uleule aliowafundisha mchana.

"Fundi wa jini, nafika nyumbani," ikaitika sauti laini ya Shangazi. "Unataka ya kunywa, au la kutoa?"