Gego Langu na Chai ya Mufindi

Jumatatu, 10 Machi 2025
Habari kubwa! Ijumaa daktari wa meno anakuja shuleni kwetu Nyololo. Mwenye meno mazima kuliko wote Darasa la Sita ataenda Iringa kusoma shairi Siku ya Afya ya Kinywa. Iringa! Mama anafanya kazi za ndani huko. Hatujaonana tangu Krismasi. Lazima niende mimi.

Tatizo ni Leokadia. Anapiga mswaki hata baada ya kula muwa. Tatizo la pili: gego langu lina kitundu.

Jumanne, 11 Machi
Mwalimu Frida amefundisha kwamba floraidi huimarisha meno. Dawa ya mswaki kidogo, teme, usisukutue kwa maji mengi. Akaongeza, kama mzaha, kwamba hata majani ya chai yana floraidi. Mzaha! Mufindi yote ni chai, na Leokadia ananunua dawa dukani!

Nimemwomba Bibi chai ya rangi, nzito. Akauliza kama tuna msiba. Chungu mno. Nikatia sukari. Nilikaa nayo mdomoni hadi Bibi akaniita, nikaitika kwa pua.

Alhamisi, 13 Machi
Chai asubuhi, mchana, jioni. Mswaki nimeacha, usije ukaikwangua floraidi. Meno yamekuwa ya kahawia. Nilishtuka, kisha nikatulia. Ya Bujiku wa darasani kwetu ndivyo yalivyo. Alizaliwa Shinyanga, na Mwalimu alisema maji ya huko yana floraidi nyingi kupita kiasi, ndiyo huyatia meno ukahawia. Kwa hiyo imeingia!

Ijumaa, 14 Machi
Daktari alichungulia, akauliza nimezaliwa wapi. Nikasema Shinyanga. Bujiku, nyuma yangu kwenye foleni, alifurahi kupata ndugu. Akanisalimia Kisukuma: Mwangaluka, dada! Nikajibu kwa adabu, kwa Kihehe cha nyumbani: Kamwene. Foleni nzima ikaangua kicheko. Bujiku akasema Shinyanga hiyo labda iko Mafinga, hapa jirani.

Daktari akasugua jino kwa pamba. Shinyanga yote ikabaki kwenye pamba. Kisha akaliona gego. Akauliza chai hiyo huwa na sukari kiasi gani. Nikasema ya kutosha.

Leokadia amechaguliwa. Nililia chooni. Nilipotoka, Mwalimu akaniambia nijiandae: daktari anataka nipelekwe kliniki kwake, jino likazibwe. Kliniki iko Iringa!

Alhamisi, 20 Machi
Mama alikuwa mlangoni mwa kliniki. Ameomba ruhusa kazini. Alinishika mkono jino likizibwa, akasema nimerefuka. Sikusikia maumivu. Baadaye, kwenye sherehe ya Siku ya Afya ya Kinywa, Leokadia alisahau ubeti wa mwisho wa shairi. Sikucheka sana.

Daktari alinipaka floraidi kwenye meno yaliyobaki. Akasema nikipiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na nikiacha sukari, sitahitaji kurudi kliniki tena.

Ijumaa, 21 Machi
Nimeyafikiria sana maneno ya daktari. Sitahitaji kurudi. Na Mama je?

Gego la kushoto bado zima kabisa. Asubuhi nimemwomba Bibi chai ya rangi. Akauliza kama sukari imetosha. Nikasema bado.