Bwawa la Thawabu

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Kifua kibovu. Daktari wa mjini kanishauri nisishone kanzu mpya. Basi! Lazima niache sadaka ya kudumu kabla sijafa. Mkubwa, jirani yangu hapa Makunduchi, alishachimba kisima cha udhu. Thawabu zinamwingia hata akikoroma. Mimi nina bwawa. Maji ya vyombo na ya kuogea yanaingia humo, nami nayatia hewa kwa pampu ya baiskeli na mpira wa maji uliotobolewa. Hewa huondoa uvundo, na watu watatawadhia humo. Nimesoma.

Jumatano, 4 Agosti
Pumzi zimenishinda. Nimemweleza mke wangu, Kidawa, kwamba kila mpigo wa pampu una thawabu. Kauliza za nani, mwenye bwawa au mwenye mikono? Nikasema tutagawana. Kasema tuanze kugawana vyombo vya kuosha.
Bwawa linapungua kila siku. Hewa inakula uchafu!

Ijumaa, 6 Agosti
Baada ya sala Mkubwa kanichokoza mbele ya watu: "Mwalim, lile bwawa au mchuzi?" Nikamjibu kisharia: maji mengi yakitokwa na rangi, harufu na ladha ya uchafu, yamerudi kuwa safi. Vyema, akasema, kesho atakuja kuonja.
Kuonja! Hilo sikulitegemea.

Jumamosi, 7 Agosti
Nakiri hapa, maana kaburi halidanganywi. Alfajiri nilimtuma Kidawa kisimani kwa Mkubwa, nikajaza gudulia, nikasema ni maji ya bwawa. Mkubwa akatazama: rangi safi. Akanusa: hakuna neno. Akaonja, akatema. "Sabuni! Na dagaa!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini.
Yale maji yake mwenyewe!

Jumapili, 8 Agosti
Bwawa liko juu, kisima chini, na kati yao jiwe lenye matundu kama mkate wa kumimina. Hewa haikula kitu. Watu wanatawadha maji ya vyombo vyangu, na sala zao je? Nimemwita Mkubwa, nikamwambia yote.
"Kumbe!" akasema. "Nami siku zote hizi nalaumu mswaki wangu." Kisha: "Mungu akusamehe, Mwalim. Miye bado."

Jumanne, 10 Agosti
Bwawa limefukiwa. Kisima kimefunikwa mbao, hakitumiki. Kidawa kaficha pampu.
Nimefikiri kwa utulivu. Kosa ni la mahali. Hewa haina hatia. Na kisima kile kirefu, kimeshachimbwa, uchafu umo tayari. Kinachokosekana ni hewa tu! Binti yetu Mwatum anakwenda sokoni Darajani kesho. Nimemwagiza pampu ya kukanyaga kwa mguu. Mkubwa asiambiwe mpaka thawabu zianze kumwingia.