Vyoo Mia Nne vya Lulu ya Ghuba

Siku Junaid alipogundua kwamba hata mwalimu ana kitu cha kuibiwa, alikuwa amesimama kwenye duka la fotokopi Kikwajuni, akingoja kopi ya kitambulisho cha mtu mwingine. Kabla ya hapo hakuwajali walimu. Katika miaka yake ya upapasi, alipokuwa akiwauzia watalii safari za mashamba ya viungo ambayo hayajapandwa, hakumfikiria mwalimu hata mara moja, kwa sababu mwalimu hana fedha, na akiwa nazo ana watoto.

Lakini siku hiyo mbele yake walisimama walimu wawili wanawake. Mmoja alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko akatoa kipande cha kanga, na ndani ya kanga akatoa cheti. Alikishika kwa ncha za vidole akamwambia mwenye mashine, "Taratibu, baba. Hichi kimenichukua miaka kumi na sita." Mwenzake alikuwa akimhadithia habari za skuli za kimataifa za Ghuba: nyumba unapewa, tiketi ya ndege unapewa, na mshahara ukiutaja mbele ya watu wanaleta istighfari.

Junaid akakitazama cheti, akaitazama kanga, moyo wake ukajaa huruma. Aliona wazi kwamba watu hawa wanateseka kwa kukosa mtu wa kuwawekea vyeti vyao.

Wiki mbili baadaye Mji Mkongwe ukabarikiwa kupata taasisi mpya. Ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani Hurumzi, juu ya duka la vinyago, chenye meza, tufe la dunia, na picha ya skuli yenye bwawa la kuogelea, ambayo kabla ya kuwa skuli ilikuwa tangazo la hoteli. Mlangoni paliandikwa: UPEO WA DUNIA, AJIRA ZA WALIMU NG'AMBO. MKURUGENZI: DKT. JUNAID. Udokta huo haukumjia bure. Aliusotea nusu saa nzima kwa mchapaji, Darajani.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Huko Doha, alisema Dokta, kuna skuli ya kimataifa iitwayo Lulu ya Ghuba, nayo inalia kwa kukosa walimu. Mwalimu analipa ada ya usajili, anapewa risiti yenye nembo ya tufe, kisha anakabidhi vyeti vyake halisi vikagongwe muhuri ubalozini. Kopi hazikubaliki. Baada ya mwezi anaambiwa vyeti vimefika Doha, atapigiwa simu. Akichoka kungoja na kuvitaka virudi, anaambiwa hakuna tabu, ila kuvirudisha kuna utaratibu, na utaratibu una ada yake. Vyeti vyenyewe havikuwahi kufika hata bandarini Malindi, hapohapo mjini. Vilikuwa ndani ya bati la biskuti chini ya meza, na Dokta akichoka kuwahudumia walimu aliweka miguu juu yake.

Miongoni mwa waliokuwa chini ya miguu hiyo alikuwa Nassra, mwalimu wa kemia wa Kikwajuni. Cheti chake kilikuwa na mwezi wa nne ndani ya bati. Katika kungoja simu, Nassra alifanya jambo ambalo Dokta hakulitarajia kwa mteja: alitafuta kazi mwenyewe. Skuli moja ya kimataifa ya Kigali ikamjibu. Ikamfanyia usaili kwa video, ikampenda, ikamwambia mwakilishi wake atakuwa Unguja Jumamosi, katika hoteli moja ya Shangani. Aje na cheti halisi, kionekane kwa macho, atie saini mkataba. Bila cheti halisi nafasi inakwenda kwa mwingine.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nassra alikwenda Mpendae kwa shangazi yake, akalia mpaka kikombe cha chai kikapoa.

Shangazi mwenyewe alikuwa Bi Mayasa, mkaguzi wa skuli mstaafu. Kwa miaka thelathini, kuanzia Makunduchi mpaka Nungwi, walimu wakuu wazima walipata homa ya ghafla wakisikia kashuka kwenye gari. Alikuwa na desturi moja tu iliyomjengea jina. Wenziwe wakianza ukaguzi ofisini, kwenye soda na biskuti, yeye alianza vyooni.

"Hiyo skuli uliiuliza nini kabla ya kumpa mtu cheti chako?" aliuliza.

"Nliuliza mshahara, shangazi."

"Na vyoo?"

"Vyoo?"

"Uliuliza nani alokuwa akisomesha kemia kabla yako, na kaondoka kwa nini? Uliomba kusema na mwalimu hata mmoja aloko huko?"

Nassra akainamisha kichwa. "Kwenye picha palikuwa na bwawa la kuogelea."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Bi Mayasa akamtazama kama anavyotazamwa mwalimu aliyekuja darasani bila ya maandalizi. Lakini aliumia. Alimsomesha mwenyewe huyu mtoto, na alijua cheti kile kimetoka wapi.

"Twende polisi, shangazi," alisema Nassra.

"Tutakwenda. Lakini tukianza na polisi, cheti kitakuwa kielelezo cha kesi, na Jumamosi haingoji kesi. Kwanza nkakague."

Jumatano asubuhi Dokta Junaid aliinua macho, akamwona bibi wa makamo, buibui limenyooka, mkoba mkubwa begani na faili kwapani.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimetumwa na walimu thalathini. Wote wastaafu. Wameshapokea viinua mgongo vyao, na sasa wamechoka kukaa nyumbani kutazamana na kuta. Wanataka kwenda kusomesha ng'ambo."

Katika maelezo yote hayo Junaid alisikia mambo mawili, thelathini na viinua mgongo. Akasimama, akamvutia kiti, akakifuta kwa kiganja chake mwenyewe.

"Ila hawatoi kitu mpaka nikague," aliendelea Bi Mayasa, akifungua faili. "Nkitia saini, Jumamosi wanakuja wote, na ada zao mkononi."

"Kagua, Bi mkubwa, kagua! Sisi hatuna cha kuficha," alisema Junaid, akilisukuma bati nyuma kwa kisigino.

"Lulu ya Ghuba ina wanafunzi wangapi?"

"Mia sita."

"Vyoo?"

Kwa mara ya kwanza tangu kuanzishwa kwa taasisi, mkurugenzi aliulizwa asilolitarajia. Alikuwa amejitayarisha kwa maktaba, maabara na hali ya hewa. "Vinne," alisema.

Kalamu ya Bi Mayasa ikasita.

"Mia nne," Junaid alisahihisha haraka. "Ulimi umeteleza."

"Wanafunzi mia sita, vyoo mia nne."

"Ni skuli ya kimataifa, Bi mkubwa."

"Naona. Na wakisoma, wanasoma saa ngapi?" Hakungoja jibu. "Mwalimu wa kemia kaondoka kwa nini?"

"Kaoa. Binti wa tajiri."

"Wa Kiingereza?"

"Naye kaoa."

"Wa hesabu?"

"Huyo alikuwa mwanamke. Kaolewa."

"Mashaallah. Skuli hii, au nyumba ya posa?" Bi Mayasa akaandika. "Haya. Vyeti halisi vya walimu ulowasajili viko wapi?"

"Viko Doha."

Bi Mayasa akafunga faili, akauchukua mkoba. "Basi. Fomu yangu inataka vyeti vyote viwepo mkononi mwa wakala siku ya ukaguzi. Asokuwa navyo ni sifuri. Ntawaambia wazee wangu waende kwa yule wa Mbweni."

"Wa Mbweni nani?" Junaid alishtuka. Katika mambo yote anayoogopa tapeli, hakuna kama tapeli mwingine.

"Yupo. Yeye vyoo alisema kumi na vitano."

Junaid akapima viinua mgongo thelathini upande mmoja, na aibu ya kusema uongo mara mbili kwa asubuhi moja upande wa pili. Haikumchukua muda. Akainama chini ya meza. "Bahati yako, Bi mkubwa, vimerudi jana." Akaliweka bati juu ya meza. Ndani mlikuwa na vyeti vya walimu ishirini na watatu, vyote vikinukia biskuti.

Bi Mayasa alivichambua kimoja kimoja, akiandika majina. Alipofika cha Nassra aliandika jina bila kuinua macho. "Na wewe mwenyewe ushafika huko Doha?"

"Kila mwezi nakwenda."

"Nioneshe paspoti."

Junaid akaitoa mfuko wa koti, na katika kuitoa ikadondoka tiketi ya ndege ya kwenda Maskati, Jumapili, ya kwenda bila kurudi. Akaiokota haraka. Bi Mayasa alikuwa ameshaisoma yote, mpaka saa ya kuondoka, kwa jicho lililozoea kusoma daftari la mtoto kwa juu chini.

"Mbona haina muhuri hata mmoja?"

"Ya zamani imejaa."

"Hewala. Itaingia pamoja na vyeti." Akatoa bahasha kubwa ya kaki. "Tunavitia humu, tunapiga lakiri, tunatia saini mimi na wewe. Kama karatasi za mtihani. Inafunguliwa Jumamosi saa nne mbele ya watahiniwa wote. Lakiri ikivunjwa kabla ya saa..."

"Mtihani unafutwa," Junaid alimalizia, wala hakujua ametolea wapi sauti ile ya utiifu. Akajikung'uta. "Lakini bahasha inakaa kwangu!"

"Inakaa kwako. Kwani nani kasema vyengine? Kiberiti unacho?"

Hakuwa nacho. Akaiacha mezani bahasha yenye vyeti na paspoti, akashuka dukani, akasalimiana na watu wawili, akarudi. Dakika nne hivi. Kwa mtu aliyefunga bahasha za mitihani miaka thelathini, dakika nne zinatosha kufunga na kuswali sunna. Mkobani mwake alikuja na bahasha ya pili, kaki ileile, imejaa fomu za zamani, na katikati kijitabu kigumu chenye unene wa paspoti; juu yake akaongeza karatasi aliyoijaza asubuhi ile. Hiyo ndiyo iliyodondoshewa nta nyekundu mbele ya macho ya Dokta, na Dokta akaitia saini yenye mikia mitatu. Ile nyingine ilishuka ngazi begani mwa Bi Mayasa.

Adhuhuri, Kikwajuni, cheti cha Nassra kilikuwa mezani. Nassra alikinusa, akacheka, akalia tena, akambusu shangazi yake mikono yote miwili. Bi Mayasa akamwambia anawe uso, kisha akakaa na orodha yake akawapigia simu walimu ishirini na wawili waliobaki.

Junaid alizipitisha siku zake kwa furaha. Alikodi ukumbi Mpendae. Aliagiza chai ya maziwa na sambusa za watu thelathini, kwa kuwa Bi Mayasa alimpa habari kwamba mstaafu hatii saini na njaa. Ijumaa baada ya sala alikumbuka paspoti yake, akaona si vibaya kuitoa mapema. Akashika kisu, akakifikisha kwenye lakiri. Hapo likamjia darasa la saba, mwalimu mkuu wao amesimama mbele na bahasha iliyofungwa, watoto mia wamekata pumzi na askari mlangoni. Akaweka kisu chini. Mtu aliyeghushi udokta, ubalozi na bwawa la kuogelea alishindwa na tone la nta.

Jumamosi saa nne kasorobo aliingia ukumbini na bahasha yake kifuani. Ukumbi ulikuwa na watu, alhamdulillah, na sambusa zilikuwa zikiliwa kwa bidii. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba wastaafu hawa walikuwa vijana mno. Kisha akaanza kuzijua sura. Alipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa, na walimu wawili wa michezo wameuegemea.

"Karibu, Dokta," alisema Bi Mayasa kutoka meza ya mbele. "Wastaafu wangu wamepata udhuru. Saa nne hii, fungua bahasha."

Akaifungua. Juu kabisa palikuwa na ripoti, na Bi Mayasa akamwomba aisome kwa sauti, aliye nyuma asikie.

"Vyoo: mia nne, havionekani," alisoma Junaid. "Walimu: wameoana. Skuli: haipo. Wakala..." Akainua macho.

"Soma, mwanangu."

"Sifuri."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha walimu ishirini na wawili wakanyanyua juu vyeti vyao, kila mtu chake, na kicheko kikakatika. Mmoja wao, yule wa cheti cha kanga, alikuwa akibubujikwa na machozi bila kujifuta.

"Na paspoti yangu?" aliuliza Junaid kwa sauti ndogo.

Bi Mayasa akamaliza sambusa yake. "Iko Doha."

"Bi mkubwa, nakuomba..."

"Imefika salama, usiwe na hofu. Ila kuirudisha kuna utaratibu. Kila mwalimu hapa ana risiti yako, ile yenye tufe. Akisharejeshewa chake yule wa mwisho, paspoti itaanza safari ya kurudi."

"Ndege yangu ni kesho!"

Ukumbi mzima ukamtazama. Bi Mayasa akainuka, akavaa mkoba. "Kama unaona umedhulumiwa, kituo cha polisi si mbali. Nakusindikiza mwenyewe, na faili langu hili hapa."

Dokta alifikiri, akaona hana haraka hivyo. Akakaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na sinia tupu. "Sasa ntajuaje kama imerudi?"

"Utapigiwa simu."

Saa ileile, Shangani, mwakilishi wa skuli ya Kigali, mama mmoja wa miwani, alikuwa amekishika cheti cha Nassra. Alikigeuza, akakiinua kwenye mwanga, akakisogeza puani. "Mbona kinanukia biskuti?"

"Ni habari ndefu," alisema Nassra.

Yule mama akacheka, akasukuma mkataba mbele yake pamoja na kalamu. "Una swali lolote kabla ya kutia saini?"

Nassra alitazama ile kalamu. Kwa ajili ya kalamu hiyo alikuwa amelia mpaka chai ikapoa. Hata hivyo hakuigusa.

"Nnalo. Skuli yenu ina vyoo vingapi?"

Mama akavua miwani. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, jengo kwa jengo, midomo ikimchezacheza.

"Arubaini na viwili," alisema. Kisha akaona haya kidogo. "Lakini viwili vibovu. Fundi tunamngoja tangu mwezi wa tatu."

Nassra akachukua kalamu, akatia saini.