Ombi la Kufutwa kwa "Hatugeuki Nyuma"

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Kaulimbiu za Koo Tukufu,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili: mimi ni mchukuzi katika msafara wa ukoo ambao kaulimbiu yake, iliyosajiliwa ofisini kwako na kupigwa muhuri, ni "Hatugeuki Nyuma". Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mstari ukipinda unisamehe. Halafu naandikia juu ya pipa, pipa liko garini, na gari linatembea. Limetembea miaka tisa sasa. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Sina ugomvi na Bwana Mkubwa. Ni mtu mpole, hajawahi kunitukana. Malalamiko yangu ni juu ya hayo maneno mawili, nami nayapanga kwa namba ili karani wako asichoke.

1. Tulikuwa tunakwenda kumjulia hali shangazi yake Bwana Mkubwa, nyumba ya nne kutoka kwetu, mtaa huo huo. Bibi Mkubwa alikuwa amepakata bakuli la supu. Joka anayevuta gari akapiga chafya, tukapitiliza lango kwa hatua kumi na mbili. Mtu mwingine angegeuza gari. Bwana Mkubwa alitazama nembo ya ukoo iliyochorwa kwenye mlango wa gari, akasema, "Twendeni tu." Ndiyo tunakwenda. Shangazi tumesikia alipona mwezi ule ule. Supu tuliinywa wenyewe. Tulitoka na gari moja, leo yako manne, maana watoto wamezaliwa njiani.

2. Kona. Wakili wa ukoo, ambaye alikuwa ameomba lifti hadi mwisho wa mtaa tu, ameamua kwamba kukata kushoto kunaruhusiwa mara moja kwa siku. Mara mbili, anasema, kunaanza kunukia kurejea. Kuuzunguka mtaa ili tutokee nyumbani upande wa pili alikukataa kabisa. Huko aliita kurudi kwa mlango wa uani. Mwendeshaji akapendekeza gari liende kinyumenyume, ili nyuso zetu zibaki zinatazama mbele. Jambo hilo lilijadiliwa siku mbili. Mwishowe akaulizwa joka, maana ndiye anayevuta, naye akakataa.

3. Kinachoanguka kimeanguka. Kiatu changu cha kushoto kilidondoka mwaka wa pili. Nilikiona kabisa, kimekaa katikati ya barabara, hatua tatu tu kutoka nilipo, nikaambiwa nikiage. Mpishi amepoteza mwiko. Bibi Mkubwa amepoteza meno yake ya bandia, na tangu siku hiyo chakula chake chote lazima kisagwe. Anayesaga ni mimi.

4. Darajani tulikutana na ukoo mwingine, ambao ofisi yako hiyo hiyo imewasajilia "Hatumpishi Mtu". Daraja lenyewe upana wake ni gari moja. Mabwana wawili walisalimiana kwa adabu, wakaulizana habari za watoto, kisha wakakaa wiki tano. Mchukuzi wao alikuja kwangu kuomba kiberiti. "Nyinyi mmeandikwa nini?" akauliza. Nikamwambia. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Sisi tangu tutoke kwetu hatujapita mlango wenye mtu." Mwishowe ilibidi magari yetu yafunguliwe ubao kwa ubao na kupitishwa juu ya mapaa ya magari yao. Wakili aliridhika kwa kuwa hatukurudi. Bwana wao aliridhika kwa kuwa hakuna aliyempita ubavuni. Mgongo wangu haujaulizwa mpaka leo.

5. Hili ndilo hasa. Binti yangu nilimwacha ana miaka kumi. Anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tarishi aliniletea barua yake, naye ameandika hivi: "Baba, kiti chako nimekiweka. Usipokuja nitaweka mtungi wa maji, maana pengo sitaliweza." Nikaenda kuomba ruhusa. Bwana Mkubwa alifurahi kunishinda. "Nenda, mzee, ukamwone mkweo," akasema. Wakili akauliza kwetu ni upande gani. Nikanyoosha kidole kule tulikotoka. Akavua miwani. Akasema sare yangu ina nembo ya ukoo kifuani, na nembo ikirudi nyuma, ukoo umerudi nyuma. Nikasema nitaivua. Akasema sare huvuliwa mbele ya ofisa wa sare, na ofisa huyo yuko kule kule nyuma. Usafiri si tatizo. Tarishi yuko tayari kunipakia kwenye joka wake wa kuruka, anasema kwetu si mbali, ingawa watu wenye mabawa kwao hakuna mbali.

Kwa hiyo naomba kaulimbiu hiyo ifutwe kabla ya Jumamosi hiyo. Ikishindikana, iongezwe kidogo tu: "Hatugeuki Nyuma Ila kwa Harusi". Hata "Hatugeuki Nyuma Sana" itanitosha.

Nisalimie makarani wote, na yule anayepiga mihuri, na bawabu, na waliobaki nyumbani kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Wako katika kwenda mbele,

Mchukuzi, gari la nyuma kabisa

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha tumepanda kilima, na mbele yetu nimeiona shule niliyoishia darasa la nne. Sikuitambua upesi kwa sababu nilikuwa naiona kwa upande wa vyoo. Kumbe kwa kwenda mbele miaka tisa tumeizunguka dunia, na kwetu ni mwendo wa siku moja. Nimemkimbilia wakili. Amesema kutangulia si kugeuka, niende. Kisha akauliza baada ya harusi nitarejea lini kazini. Nikamweleza kwamba msafara utashika barabara kuu, ila njia ya kwetu inaishia mlangoni kwangu, na anayetaka kutoka pale hana budi ageuke nyuma. Amefikiri sana, akakitazama kifua changu, akanipa mkono wa kwaheri. Tafadhali, Mheshimiwa, kaulimbiu hiyo usiiguse.